Moyo Mwekundu wa Uhuru Park

Jumatano, 6 Julai 1994

Jumamosi tunaenda Nairobi. Kidato cha Pili chote kinaongea juu ya Uhuru Park kama vile ni mbinguni. Washamba. Hata mimi sijafika, lakini angalau sipigi kelele. Nimemwambia tu Navalayo, msichana wa dawati la mbele, kwa sauti ya chini, kwamba boti za pale nimezipiga makasia tangu darasa la tano. Akanitazama usoni. Mara ya kwanza mwaka huu. Sifuna wa dawati langu akadakia: "Shikanga, wewe hata kuvuka mto Isiukhu na ng'ombe unaogopanga." Mjinga.

Mpango: boti moja, mimi na Navalayo, picha. Nani atabisha?

Jumamosi, 9 Julai

Nimempata mpiga picha kabla wenzangu hawajamaliza kushuka basi. Hawa hupiga leo, picha inakufuata shuleni kwa posta. Nikachagua ya fremu ya moyo mwekundu, "Wapendanao wa Uhuru Park". Nikamwagiza apige nikifika katikati ya maji.

Nikaingia botini, nikamwita Navalayo. Sauti ikatoka nusu, haikumfikia. Huniachanga hivyo. Aliyesikia ni Mwalimu Osundwa wa Hesabu. Akasema mwanafunzi haingii majini peke yake, akaketi mbele yangu na mwavuli wake. Tukafika katikati ya maji, tukazunguka pale pale kama maksai wa kusaga miwa. Akauliza darasa la tano nilisomea wapi.

Navalayo akapita na Sifuna kwenye boti yao, wanacheka. Sifuna hupiga kasia kama anayesonga obusuma, ugali wa kwetu. Lakini boti ilienda.

Jumatatu, 25 Julai

Gwaride. Hapa bahasha yoyote isiyotoka nyumbani naibu wa mkuu huifungua mbele ya shule nzima. Akainua picha juu. Mimi na Mwalimu Osundwa, ndani ya moyo.

Watu waliketi chini kwa kucheka. Mwalimu mwenyewe aliitazama sana, akasema mwavuli umetoka vizuri.

Sifuna akanisalimia mlangoni mwa darasa: "Mulembe, Mama Osundwa." Navalayo naye akacheka. Nilijifungia chooni hadi kengele ya chakula.

Jumanne, 26 Julai

Wiki ijayo ziara ni ya msitu wa Isecheno. Nimemnong'oneza Navalayo kwamba nyoka wa kule nawashikanga kwa mkono. Akanitazama tena.

Nimeshampata mpiga picha wa sokoni Iguhu. Fremu ni ile ile ya moyo. Nasikia Mwalimu Osundwa ndiye atatuongoza. Haidhuru. Msituni hakuna boti.