Nusura Thelathini na Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Fomu zimefika. Arobaini! Kiema wa saiba, lile duka la kompyuta chini ya ploti yetu hapa Kayole, amezichapisha huku akiuliza kama natafuta kazi. Nikatikisa kichwa tu. Kuongea na Kiema hunichosha.

Nieleze, maana hata shajara ina haki ya kuelewa. Baba ni mpishi kwenye meli ya mizigo. Aliondoka Januari. Kampuni yao ina mwezi wa usalama, na safari hii familia za mabaharia zinashiriki. Unaandika jambo ambalo nusura limuumize mtu nyumbani, na jinsi ulivyolizuia. Baba anasema melini ndivyo wanavyofanya: ngazi yenye mafuta isipoandikwa leo, wiki ijayo mtu amevunjika mguu na hospitali iko siku tano mbali. Sisi tunaziita nusura. Familia yenye nusura nyingi zaidi itapelekwa Mombasa meli ikifika tarehe thelathini, ikae ndani siku nzima. Ila ajali ya kweli ikitokea nyumbani, mmetoka.

Siku nzima na Baba!

Amepiga simu jioni. Niaje Ayuma. Poa. Shule? Tumefunga. Uko sawa? Poa. Kisha tukasikilizana tukipumua hadi mtandao ukakatika. Nina miaka kumi na sita na sijawahi kumaliza sentensi kwenye simu. Kuna kitu kimoja nataka kumwambia tangu Januari. Kila mara hutoka poa badala yake.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekaa kutwa na kalamu, nikingoja kitu kikaribie kutokea. Wapi!

Kosa ni la Baba. Kabla hajaondoka alitufunza kufunga gesi, kuchomoa pasi, kushika chuma cha ngazi. Nyumba yetu haina hatari hata moja. Aibu tupu.

Nimepata nusura moja. Griffins, mdogo wangu wa miaka saba, alikuwa na kifuniko cha kalamu mdomoni. Nikamwambia ateme. Anadai alikuwa anakiosha.

Perez wa ghorofa ya pili ameshapiga picha fomu tatu na kuzituma melini kwa simu. Baba yake, Jackton, yuko kwenye sitaha ya meli hiyo hiyo. Perez husalimia watu wote, hata keretaka anayetudai kodi. Mtu wa hivyo ataacha vipi kushinda?

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango! Kama nusura haiji, itaandaliwa.

Nimeweka ndoo ya maji ya sabuni kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, pale kwenye kona, kisha nikasimama vidato viwili juu yake. Mtu akija, namwonya. Hakuna hatari yoyote maadamu nipo. Usalama mtupu.

Sikufikiria jambo moja. Kuonya ni kuongea.

Habon wa mlango wa nne alipanda na beseni la nguo kichwani. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akaiona ndoo mwenyewe, akairuka, akaniuliza kama nimewekwa pale na maadui zake. Halafu akataka kujua mbona nimeachama kama samaki.

Watu watano wamepita. Watano wote wameniona nimeachama. Fomu tano!

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya.

Mama amerudi mchana kutoka kiwandani. Amesimama kwenye mashine tangu saa kumi na mbili asubuhi, macho yamemwisha. Nilimwona akipinda kona. Nikafungua mdomo. Mama! Hilo ndilo neno nililotaka. Neno moja tu, la kwanza ambalo mtoto yeyote hujifunza.

Alikwenda chini na ndoo pamoja.

Kifundo cha mguu kimevimba kama andazi. Habon alimfunga kitambaa huku akinitazama. Mama hakunigombeza. Hana nguvu ya kugombeza siku ya Jumamosi. Alisema tu kwamba Baba asiambiwe. Ndiyo sheria ya nyumba hii, na ya kina Perez pia: mtu aliye baharini hapelekewi habari mbaya. Hawezi kushuka akaja, atabaki kuiwaza tu, na melini anayewaza ndiye anayeumia. Babu alipofariki, Baba aliambiwa siku aliyokanyaga nchi kavu.

Nikalia kidogo. Kisha nikagundua kitu. Kama ajali haisemwi, basi haikutokea. Bado tumo!

Fomu ya kumi na tisa: Mama nusura ateguke mguu.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani Mama alichechemea hadi kiti cha nyuma. Perez akaniuliza Mama Ayuma ana nini. Nikasema ni viatu vipya. Perez akatazama viatu. Mama amevivaa tangu nikiwa darasa la tano.

Amejitolea kutubebea maji hadi Mama apone viatu. Hivyo ndivyo alivyosema, bila kucheka. Simwamini mtu mwema namna hiyo.

Yeye ana nusura ishirini. Nimeshachoka na ndoo. Kuanzia leo natumia kichwa. Mwalimu Muthama hunipa alama za juu kwa insha za Kiswahili na Kiingereza, na fomu haimwoni anayeijaza akiona haya. Kwenye karatasi nina mdomo mkubwa kuliko Perez. Nimeandika gesi iliyovuja ikinusa pazia moja baada ya jingine. Nimeandika Griffins akining'inia kwenye chuma cha roshani kwa vidole viwili, akiimba. Nimeandika moshi wa pasi ukijikunja dirishani. Nusura ya paka na waya wa umeme ilinitoa machozi mimi mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Thelathini na nne!

Baba amepiga simu mara tatu leo. Kwanza aliuliza kama gesi imefungwa. Nikasema poa. Mara ya pili akataka kusikia sauti ya Griffins. Griffins akamwambia amekula chapati. Baba akamwomba aseme kitu kingine, chochote kile, aendelee tu kusema. Mara ya tatu akauliza tena gesi.

Akaniambia nusura zetu husomwa kwenye mkutano wa usalama, chumba cha kulia, mbele ya wote. Nahodha mwenyewe ndiye anayesoma. Aliposoma ya roshani mabaharia waliacha kula. Nahodha ameuliza jengo hilo ni la namna gani, na kama isingekuwa salama zaidi familia ya mpishi ikae baharini. Jackton alicheka. Baba hakusema kama na yeye alicheka.

Nikauliza kama tunaongoza. Sentensi nzima! Akasema ndiyo, mama, mnaongoza.

Sauti yake ilikuwa imechoka sana. Lakini nilisikia hilo la kuongoza tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Perez amebisha mlango. Macho mekundu.

Baba yake amewapigia. Jana Baba alikuwa akikata nyama ya chakula cha mchana, meli ikayumba kidogo, kisu kikamla kidole cha shahada. Jackton anasema hakuwa akitazama kisu. Usiku kucha hajalala, alikuwa akiuliza watu kama chuma cha roshani kinaweza kubeba mtoto wa miaka saba. Kwenye mlango wa jiko la meli kuna ubao wa kuhesabu siku zisizo na ajali. Ulikuwa umefika mia mbili na kumi na moja. Wameandika sifuri.

Na ziara imefutwa. Meli ikiwa na ajali haipokei wageni hadi uchunguzi uishe. Hakuna anayekwenda Mombasa. Perez alikuwa na nusura ishirini na mbili, zote za kweli. Mojawapo ni ndoo yetu. Aliiandika bila kutaja jina.

Nilitaka anitukane. Akaniambia tu pole ya Baba, kisha akaenda kutuchotea maji.

Mama ameketi kitandani na mguu wake juu ya mto. Sheria ya nyumba inasema habari mbaya isiende baharini. Nimepeleka thelathini na nne.

Jumatano, 20 Agosti

Baba yuko nyumbani!

Walimshusha Dar es Salaam, akashonwa, akapanda basi. Alipanda ngazi polepole, mkono mzima umeshika chuma. Pale kwenye kona alisimama, akaangalia sakafu. Nilikuwa juu. Nilikuwa na ile sentensi ya tangu Januari, ya kumwomba asiende tena, nimeifanyia mazoezi siku mbili mbele ya kioo. Akaniambia niaje Ayuma. Nikasema poa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye roshani, akatikisa chuma kwa mkono mmoja. Hakikusogea. Akatikisa tena.

Baada ya chai alitoa bahasha. Nusura zetu zote, nahodha amempa. Akaniuliza zipi ni za kweli. Nikasema kifuniko cha kalamu. Akangoja. Hakukuwa na nyingine. Akamtazama Mama akipita na sufuria, akauliza na mguu huu ni fomu namba ngapi. Kumi na tisa, nikasema.

Alizirudisha zote kwenye bahasha. Akasema nahodha anapenda ninavyoandika. Kisha akalala pale pale kwenye kochi, viatu miguuni. Nilikaa karibu yake hadi saa kumi na moja. Miezi saba. Anakoroma vilevile.

Jumamosi, 23 Agosti

Baba amenikalisha chini. Kwa upole, na hilo ni baya zaidi. Amesema nusura ni ahadi kati ya anayeandika na anayesoma. Ukimdanganya anayesoma, siku moto ukiwaka kweli atageuza ukurasa. Nimeelewa kabisa. Nimemwahidi. Yamekwisha.

Halafu akasema kampuni imempigia. Daktari akiridhika na kidole wiki ijayo, ataungana na meli Mombasa tarehe thelathini. Miezi mingine tisa.

Mchana ametupikia sukuma wiki. Nilimtazama kutoka mlangoni. Kisu kilipita mbali kabisa na vidole, mbali sana, lakini kilipita.

Vidole vizima bado ni tisa. Fomu zimebaki sita.

Kwa Nahodha. Nusura ya thelathini na tano: Leo saa saba mchana, mpishi wako