Ramani ya Pili Ina Chumba Changu

Jumamosi, 3 Mei

Mchoraji ameleta ramani za nyumba. Mbili. Mimi nilimwomba kwa siri alete moja. Akasema alinielewa vizuri, ila mke wangu alimpigia simu nusu saa baada yangu.

Kwa nje nyumba ni ileile. Kuta zilezile, paa lilelile, mlango wa mbele unatazama geti. Tofauti ni chumba kilicho kati ya jiko na bafu. Ramani ya Kwanza inakiita Chumba cha Bibi. Ramani ya Pili inakiita Chumba cha Kazi, inakipunguza kidogo ili jiko lipate nusu mita zaidi, na inampeleka Bibi mwisho wa korido alale na wajukuu. Hiyo nusu mita ya jiko niliiweka mimi. Ni chambo.

Bibi ni mama mkwe wangu. Ana goti bovu. Alikuja kututembelea wiki mbili, miezi minane iliyopita. Analala sebuleni, kwenye kochi. Simlaumu. Nataja tu.

Kazi ni yangu. Nahitaji mlango unaofungwa. Tuko watu sita kwenye vyumba viwili na sebule, vya kupanga. Haya naandika bafuni, nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza. Wameshagonga mara mbili.

Binti yetu mkubwa aliuliza hiyo kazi ni kazi gani. Nikamwambia ni kazi kwa ujumla. Akanitazama kama mwalimu anayesahihisha.

Mke wangu ametangaza kura Jumamosi ijayo, watu wote sita. Nilipinga. Wadogo wana miaka sita na minane! Akasema hao ndio watakaoishi humo muda mrefu kuliko sisi. Bibi akasema yeye asihesabiwe, atalala popote, hata nje, mradi pawe na ukuta mmoja wa kuegemea.

Hiyo ni kampeni. Naijua kampeni nikiiona.

Jumapili, 4 Mei

Nimezungumza na Bibi. Kwa upole. Nimemwambia, Mama, mimi naumia nikikufikiria. Chumba kilicho jirani na jiko kina kelele za sufuria. Kina harufu ya vitunguu. Tena kiko mbele, geti likifunguliwa tu unashtuka.

Akanishukuru. Akasema mwanangu, una moyo. Kisha akasema sauti ya geti ndiyo hasa anayoitaka. Sasa hivi watu wanapita getini na kuondoka, yeye anakuja kusimuliwa jioni kama mtu aliyekuwa safarini. Akauliza dirisha litakuwa na ukubwa gani.

Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema hapana, kubwa zaidi ya hapo. Nikaipanua mikono.

Nimetoka pale nimemuuzia chumba.

Jumatatu, 5 Mei

Nina mbinu. Macho ndiyo yanayopiga kura, si akili. Nimezipeleka ramani zote mbili kwenye duka la nakala. Ya Kwanza nimeagiza ipunguzwe. Ya Pili ikuzwe. Mwenye duka aliuliza kama ni nyumba za mke mkubwa na mke mdogo. Nikamwambia afanye kazi yake.

Nimezibandika sebuleni, ukuta wa juu ya kochi. Ya Kwanza inaonekana kama banda la kuku. Ya Pili inaonekana kama ikulu. Nimerudi nyuma hatua tatu kuangalia. Nimetosheka sana.

Jumanne, 6 Mei

Mke wangu alisimama mbele ya ramani, mkono kiunoni. Akasema Ya Kwanza imemkaa vizuri. Nyumba ndogo, unafagia dakika tano umemaliza. Ile nyingine ni uwanja wa mpira, na alitaka kujua nani ataudeki, baba watoto au hiyo kazi kwa ujumla.

Halafu binti akasogea. Akasoma kwa sauti vipimo vya pembeni. Mita kumi na mbili huku. Mita kumi na mbili kule. Akauliza imekuwaje mita kumi na mbili za huku ni fupi kuliko za kule.

Nikasema karatasi hunywea kwenye joto.

Wadogo wakataka kujua kama na wao watanywea. Mmoja alilia. Nililaumiwa mimi.

Mke wangu akazibandua zote mbili. Akasema mambo ya karatasi yameisha. Alhamisi fundi ataichora nyumba pale pale kiwanjani, kwa kamba na chokaa, ukubwa wake halisi. Jumamosi tutaingia kwa miguu yetu, kila mtu asimame kwenye chumba chake, ndipo tupige kura.

Ni wazo zuri. Nimekasirika kwamba si langu.

Jumatano, 7 Mei

Kiwandani leo nimekata mikono arobaini ya mashati ya shule. Yote ya kushoto. Niliweka kitambaa bila kukikunja kwa sababu nilikuwa nafikiria kiwanja. Msimamizi aliinyanyua mmoja mmoja. Akaniuliza kama nina habari za shule ambayo wao hawaijui. Wenzangu walicheka mpaka wakazima mashine.

Wacheke. Nina miaka kumi na tisa kwenye meza ya kukatia, na ni katikati ya mikono ile nilipopata jibu. Shati likibana kifuani, mteja halitaki. Hajali kola ni nzuri kiasi gani. Basi jiko likibana?

Jumba zima litakataliwa kwa ajili ya jiko.

Alhamisi, 8 Mei

Niliomba ruhusa ya saa mbili, nikaenda kiwanjani kumsimamia fundi. Hasimamiki. Ana penseli sikioni na anazungumza na kamba zake kuliko na watu. Nilijitolea kushika ncha ya futi. Akasema bosi, wewe kaa kivulini, kila mtu na kitambaa chake. Amesikia habari za mikono! Sijui nani kamwambia. Namshuku mke wangu.

Ameanza na Ramani ya Kwanza, kwa amri ya mke wangu. Vigingi kwenye kila kona, kamba juu, mstari wa chokaa chini. Jumamosi tukishatembea atahamisha kamba chache, itakuwa Ya Pili. Jumatatu anachimba msingi wa ile itakayoshinda.

Nimeangalia kwa makini. Kati ya jiko na Chumba cha Bibi kuna kamba moja tu. Vigingi viwili.

Viwili!

Ijumaa, 9 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kiwanjani. Hapakuwa na mtu. Nimeng'oa vigingi viwili, nimevisogeza ndani ya jiko hatua moja kamili, nimevigongelea kwa jiwe. Mstari wa zamani nimeufuta kwa tawi. Mstari mpya nimeuchora kwa chokaa niliyobeba kwenye kopo la maziwa. Umenyooka kuliko wa fundi. Nasema hivyo bila majivuno.

Jiko sasa ni ushoroba. Mke wangu ataingia, atageuka, kiwiko kitatoka nje ya kamba. Ataikataa Ramani ya Kwanza kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi nitasikitika kidogo. Kisha fundi atachora Ya Pili, yenye jiko la nusu mita zaidi, na mke wangu ataiona kama peponi.

Nimefika kazini kwa wakati. Mikono ishirini ya kulia, ishirini ya kushoto. Kila kitu kinakwenda sawa.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika kwa utaratibu, kama yalivyotokea.

Saa nne tulifika wote. Fundi alikuwepo. Mke wangu aliingia kupitia palipochorwa mlango, kwa heshima, akafuta hata viatu. Akaenda jikoni. Akanyoosha mikono. Akasema hili ni jiko au ni kabati? Nilitazama mawingu.

Kisha Bibi akaingia chumbani kwake. Binti alimtangulizia kigoda. Bibi alikaa. Akanyoosha ule mguu wenye goti, wote, mpaka kisigino. Haukugusa kamba. Akasimama, akazunguka na fimbo yake, mzunguko mzima, taratibu. Haikugusa kamba pia. Akakaa tena.

Akasema miezi minane hajageuka bila kuiomba radhi meza.

 

Hapo ndipo nilipoelewa. Kitambaa ukikipunguza, kipande kinaanguka sakafuni na mtu anakifagia. Nimeishi na ukweli huo miaka kumi na tisa. Kiwanjani kipande hakianguki. Hatua niliyoichukua jikoni ilikuwa imekwenda yote kwa Bibi.

Nikasema, kwa utulivu, kwamba nahisi kuna kosa la vipimo. Fundi akanigeukia polepole. Akatoa futi yake, akapima, akapima tena. Kisha akachuchumaa jikoni akakwangua udongo kwa kidole mpaka akapata tundu la kigingi. Akatafuta la pili, akalipata. Akasema vigingi vyake havina miguu. Halafu akatazama viatu vyangu. Mimi pia nikavitazama. Vilikuwa vyeupe kwa chokaa mpaka kwenye kamba zake.

Binti akasema Baba! Hilo tu.

Mke wangu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Akasema sawa, kosa limeonekana, na kosa hurekebishwa. Kama nataka kamba irudi ilipokuwa, basi niende mimi mwenyewe, sasa hivi, nimwinue mama yake kwenye kigoda.

Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameukunja mguu mmoja na mwingine ameunyoosha kwenye jua, ananitazama kwa huruma.

Nikasema kamba iko sawa.

Kura: watano kwa Ya Kwanza. Mmoja kwa Ya Pili. Ilikuwa kura ya siri lakini wote walijua.

Jumapili, 11 Mei

Nilidhani yameisha. Hayajaisha. Jiko bado ni dogo, na mke wangu hawezi kupika kwa upande upande kama kaa. Leo alimwita fundi turudi kiwanjani, akamuuliza hatua ya jiko inaweza kupatikana wapi. Kwa Bibi haigusiki. Fundi akaonyesha kwa penseli yake upande wa pili wa jiko.

Upande wa pili wa jiko ni chumba chetu cha kulala.

Kamba imesogezwa. Mke wangu alilala chini pale kwenye udongo, upande wake wa kitanda, akasema panamtosha. Mimi nililala upande wangu. Bega la kushoto liko jikoni.

Fundi alisema bosi, lala kwa ubavu. Ni mara ya kwanza kumwona akicheka. Ana meno mengi.

Jumatatu, 12 Mei

Msingi umechimbwa. Nilipita baada ya kazi kutazama. Mtaro umefuata vigingi vyangu viwili kabisa, kama reli. Ukuta wa Bibi utasimama pale nilipopiga jiwe kwa mkono wangu. Ni mstari ulionyooka kuliko yote ya kiwanja. Fundi mwenyewe amekiri, ingawa aliutazama mtaro, si mimi.

Jumanne, 13 Mei

Bibi aliniita. Niliketi kwenye ncha ya kochi, tayari kwa lolote. Sikuwa tayari kwa lile alilolisema.

Akasema mwanangu, chumba ni kikubwa mno kwa kikongwe mmoja. Umenipa kuliko nilichoomba. Lete meza yako, uweke kwenye kona ya dirishani. Mimi nitajilalia. Hutanisikia. Wewe fanya kazi yako kwa ujumla.

Alilisema hilo neno bila kutabasamu. Sikuweza kujua kama ananitania.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Macho yamemlowa. Akauliza kama sasa naona mama yake ni mtu wa namna gani. Nikasema naona. Na kweli niliona, nikaona aibu, nikanyanyuka kumshukuru, nikajigonga kwenye meza. Bibi akasema pole, hiyo ndiyo ile meza ya kuombwa radhi.

Mtu mwingine angekataa. Mkwe kukaa chumba kimoja na mama mkwe, watu watasema nini? Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumatano, 14 Mei

Nimetulia. Nimejifunza mengi wiki hizi mbili, na nimeyatafakari yote juu ya ndoo. Ujanja haufai. Pupa haifai. Hatua nzima kwa siku moja ilikuwa pupa.

Leo nimekubaliana na Bibi mipaka ya kona yangu. Mita moja na nusu kwa mita moja, chini ya dirisha. Ili tusitazamane, atasimamisha kabati lake la nguo katikati, kati ya meza yangu na kitanda chake. Nilikwenda kulitazama kabati, liko stoo kwa jirani tangu lilipoletwa kutoka kwake. La mbao, refu kunipita, imara kabisa.

Lina magurudumu chini. Manne. Nimeyapaka mafuta.

Nikilisukuma upana wa kidole kimoja kila wiki, hakuna jicho litakaloona. Kwa mwaka ni vidole hamsini na viwili. Nimepiga hesabu mara tatu, na nimechora upande wangu wote kwa chaki nyuma ya daftari hili: meza, kiti, rafu, na mahali pa mlango.

Upande wa kitandani, ambako vidole hivyo vyote vitatoka, sijapima.