Mikono ya Fidelis na Mashine ya Sindano

Jumatatu, 9 Juni
Mashine imefika kutoka Dar, imefunikwa kama bibi harusi. Inavuta yenyewe dawa yenye mionzi, inaipima, inamwingizia mgonjwa kupitia mpira mwembamba. Sisi tunakaa chumba cha pili, nyuma ya kioo. Sisi! Mimi Fidelis, mwenye mikono myepesi ya sindano kuliko wote mjini Morogoro, nikae nyuma ya kioo kama samaki! Dokta Martina, mkuu wa kitengo chetu cha nyuklia, anasema ni kupunguza mionzi inayowapata wahudumu. Nimeitikia kwa kichwa. Moyoni nimeelewa: wananiondoa. Na aliyesomeshwa kuiendesha ni Zuhura, binti aliyeajiriwa juzi tu. Aliponiamkia shikamoo, nikamjibu marahaba ya baridi.

Jumanne, 10 Juni
Mpango umeanza. Nimemnong'oneza Mama Magreth, mkulima wa kabichi kutoka Mgeta aliyekuja kupigwa picha ya mifupa, kwamba mkono wa binadamu una huruma. Nilitaka aikatae mashine. Akauliza kama inaongea. Nikamwambia haisemi hata neno.
"Basi nipeleke kwake, baba. Wewe tangu nimeingia hujanyamaza."

Jumatano, 11 Juni
Nimemwomba Dokta Martina tushindane, mimi na mashine. Amekataa. Eti hapa si uwanja wa mpira. Anaogopa nitashinda, huyo! Lakini wiki hii nusu ya wagonjwa bado ni wa mkono. Kesho nitashindana kimyakimya.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa! Mashine ikavuta dozi yake, nami nikavuta yangu mbiombio. Nikageuka kuona kama Zuhura anatazama. Tone likaruka kwenye mkono wa koti. Kipima mionzi kikapiga kelele kama mbuzi wa sikukuu! Nikavuliwa koti na glavu, nikasuguliwa kwa sabuni. Nikamwona akilini mke wangu Yustina amevaa kaniki ya msiba. Abel, mtaalamu wetu wa usalama wa mionzi, akanipima mwili mzima. Ngozi safi, akasema; tone limeishia kwenye koti, na kesho kutwa halitakuwa na nguvu. Nikamwambia arudie kupima. Akarudia. Nikalia kidogo. Zuhura akaniletea chai, hakucheka. Hilo limeniuma zaidi.

Ijumaa, 13 Juni
Dokta Martina kaniita ofisini. Nikajua ndiyo kwaheri. Kumbe kapata majibu ya pete ninayovaa kazini kupimia mionzi ya vidole. Vidole vyangu vimekula mingi mno. Kwa mwendo huu, kabla ya mwaka kwisha ningefika kikomo kinachoruhusiwa na kutolewa kitengoni.
"Unafikiri mashine niliiomba kwa ajili ya nani?" akaniuliza. "Wewe ndiye nisiyetaka kumpoteza."
Nimerudi nyumbani kwa miguu. Milima ya Uluguru ilionekana wazi kabisa, bila wingu. Nimemweleza Yustina yote. Kavishika vidole vyangu, kimoja kimoja, hakuviachia mpaka ugali ukapoa.

Jumatatu, 16 Juni
Zuhura kanifundisha mashine. Binti mvumilivu. Nabonyeza, dawa inakwenda, mimi niko nyuma ya kioo nampungia mgonjwa mkono. Mgongo hauumi. Kifua chepesi. Abel anasema pete yangu sasa itakuwa haina la kusema. Nimemshukuru Mungu, na mashine nimeipangusa vumbi. Sitashindana tena na chuma. Nimeapa!

Jumanne, 17 Juni
Dokta Martina katangaza: mwezi ujao kinakuja kitoroli kinachojiendesha, kitabeba dawa kutoka stoo bila mtu kukisukuma. Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga, polepole. Hivi nani hapa anasukuma toroli kuliko mimi? Kona ile ya maabara, kitaiweza? Nimeshamwomba Abel anishikie saa. Kesho naanza mazoezi.