Vitenzi Vyenye Mikia

Jumatatu, 4 Machi 2013

Mwaka wa thelathini na moja tangu nivuke kutoka El Salvador kuja Belize. Nimesoma vitabu vya Kiingereza vinene kama matofali. Leo nimemwambia dereva wa basi, "I desire to descend." Basi zima hoi kwa kicheko. Chepe mwenye bucha, Msalvador mwenzangu asiyejua hata kuandika barua, akapaza sauti: jamani, askofu anashuka, mpisheni! Yeye husema "get off" tu. Kitenzi kifupi, mkia mfupi, kwisha.

Aibu! Tena wiki hii! Ijumaa Bi Verlene, mwenyekiti wa kijiji, atachagua msemaji wa kumkabili afisa wa serikali kuhusu ujenzi wa daraja letu. Lazima niwe mimi. Sisi tuliotoka kule tumekaa kimya vya kutosha.

Jumanne

Mpango: kuiba Kiingereza cha Chepe. Nimeshinda buchani nikijifanya nachagua mifupa ya supu. Kuahirisha ni "put off". Kuchunguza ni "look into". Kuvumilia ni "put up with". Mikia miwili! Mnyama gani huyu? Chepe kauliza kama nimefuga mbwa. Nimesema ndiyo. Sina.

Alhamisi

Supu tena. Nimeifuta hotuba yangu yote ya kesho. "Postpone", nje! "Tolerate", nje! Maneno yanayofanana na Kihispania chetu, ndugu wa damu, nimeyatoa moja moja. Nimejisikia kama mtu anayefunga nyumba ya wazazi wake.

Dada kapiga simu kutoka Santa Ana, kule El Salvador. Rudi, Leandro, kitanda chako kipo, na huku hakuna atakayekucheka. Nimesema nitafikiri.

Ijumaa

Balaa! Nimehutubia mkutano kwa mikia mitupu, wala sikukosea hata mmoja. Bi Verlene akavua miwani. Don Leandro, baba yangu, nani kakuharibu? Kumbe jina langu alishaliandika tangu Jumapili! Alinitaka mimi kwa sababu naongea kama jaji, na afisa angesikia maneno yale marefu angetafuta pa kujificha. Sasa naongea kama Chepe. Na kama ni Kiingereza cha buchani, si bora aende mwenye bucha?

Wakapiga makofi. Atakwenda Chepe. Wakati wa kutoka akaniuliza, mbwa hajambo?

Jumatatu, 11 Machi

Afisa kamsikiliza Chepe, wamecheka pamoja, wamepigana makofi ya mabegani. Kisha daraja likaahirishwa. "Put off"! Nilielewa kabla ya wote waliokuwa mkutanoni.

Nimetafakari kwa utulivu, na kosa nimeliona. Mikia ilikuwa michache. Afisa akija tena, nitampa vitenzi vya mikia miwili miwili tu. Nimeshanunua mifupa.

Nimempigia dada, nimemwambia kitanda ampe mtu. Sirudi.