Mizunguko Saba ya Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akatazama dirishani. Nimeelewa.

Nimechukua daftari hili ili niungame. Nilifundisha jiometri miaka arobaini, na ninajua kwamba jambo lisiloandikwa hatua kwa hatua halipati alama. Nitaungama leo, kabla ya chai.

Baada ya chai. Kalamu ilikuwa mkononi, mlango ukagongwa. Katibu wa klabu yetu ya wavuvi! Mfamasia mstaafu, mtu mwenye vidole safi kupita kiasi. Alikuwa mwanafunzi wangu. Ndiye aliyenibandika jina la Pembetatu, na mpaka leo anadhani sijui. Amekumbatia kisanduku cha kioo kilichokuwa ukutani klabuni. Ndani yake, kisamaki cha manyoya, chambo bandia kilichonipatia kombe la uvuvi miaka thelathini na moja iliyopita. Ndoana moja, nywele nyeusi na nyeupe, urefu wa kidole. Ukikivuta majini, kinatapatapa kama kisamaki kilichoumia.

Katibu ameleta habari njema. Wanachama wapya hawajui kufunga visamaki. Vyao vinatoka vinene kama mifagio. Kwa hiyo Jumamosi atakifumua changu mbele yao, tabaka kwa tabaka, chini ya kioo cha kukuzia, waone ndani kimefungwaje. Amekileta nikiage. Na mgeni wa heshima ni shemeji, mjane wa Fundi Saa. Akaniuliza kama nimefurahi, mwalimu.

Nilitabasamu. Moyo uliruka pigo moja, kisha ukarudi kulitafuta.

Ukweli ni huu. Sikukifunga mimi. Sijawahi kufunga hata kimoja. Alikifunga rafiki yangu Fundi Saa, mrekebishaji wa saa, aliyekufa mtoni siku ile ile ya kombe. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye tawi, na ndani ya koti kulikuwa na kikopo chenye visamaki kumi na viwili. Asubuhi ile, kabla ya mashindano, nilikichukua kikopo bila kumwambia. Kumi na kimoja vimepotea kwa miaka mingi, na nimeandika kila kimoja kilipotelea wapi. Hiki ndicho cha mwisho. Chini ya nywele, mahali pasipoonekana, Fundi Saa alizungusha uzi mwekundu mara saba. Aliutoa kwenye cherehani ya mkewe. Alikuwa akisema kisamaki kisicho na damu hakimdanganyi samaki yeyote. Shemeji akiuona uzi huo, ataujua hapo hapo.

Hiyo ni nusu ya ungamo. Nusu ya pili kesho.

Maana nimepata mpango! Nitafunga kingine kinachofanana nacho, kisicho na uzi mwekundu, nikitie kisandukuni. Nina siku tano. Ni nywele na uzi tu. Mtu aliyewafundisha wavivu kugawanya pembe ashindwe na uzi?


Jumanne, 4 Machi

Nimefunga jiliwa dogo kwenye ukingo wa meza ya kulia, nikaibana ndoana. Nywele nimezipata kwenye brashi ya viatu. Mke wa mwanangu, ninayeishi naye, alinikuta nainyoa brashi kwa mkasi wake wa kucha. Akasema, Baba, umeanza tena. Nikamwambia ni utafiti. Akauchukua mkasi. Akaurudisha baadaye, ana moyo mzuri, ila aliuweka mezani kwa kishindo.

Jaribio la kwanza: nywele zote ziliizunguka ndoana zikaning'inia chini, kama ndevu. La pili: vivyo hivyo. La tatu lilikatika uzi, nikajichoma. Damu kidogo. Nikafikiri, angalau hiki kina damu. Sikucheka kama nilivyotarajia.

Saa nne asubuhi nikafungua kopo la sukari. Juu ya sukari, ndoana.

Imelowa. Sukari imeyeyuka kuizunguka, na kopo zima linanuka tope la mtoni. Juu ya ndoana hakuna unywele hata mmoja. Uzi tu, umezungushwa shina zima, mzunguko kando ya mzunguko, umebana kama springi ya saa. Ncha ya ndoana imepigwa tupa kwa mshazari. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akipiga tupa hivyo. Nikafungua kumbukumbu zangu. Kisamaki namba moja: kilinasa kwenye gogo chini ya maji, miaka thelathini iliyopita.

Nikamuuliza mkamwana nani ameshika sukari. Akasema kama nimemwaga chai humo niseme tu, hatanipiga.

Niliigeuzageuza ndoana mwangani. Kisha nikaona kitu. Uzi kwanza! Shina halivikwi nywele likiwa tupu. Linavikwa uzi kwanza, ndipo nywele zinapata pa kushika! Jaribio la nne halikuzunguka hata kidogo.

Nilisema asante kwa sauti. Nikajibiwa na sauti ya tone la maji mahali fulani nyuma ya kabati.


Jumatano, 5 Machi

Nusu ya pili ya ungamo leo, bila kukosa. Jioni.

Asubuhi nilifunga viwili. Vizuri sana, ila nilisogeza nywele mbele mno nikaziba tundu la ndoana. Kisamaki ambacho mshipi haupiti ni pambo la sikio. Nikavitupa, nikaenda kuvaa ndara.

Ndara ya kushoto ilikuwa na maji. Na ndani ya maji, namba mbili. Hiki kilichukuliwa na samaki mkubwa aliyekata mshipi, mwaka ule mwanangu alipooa. Ndoana imeshika kutu, lakini uzi hauna kasoro, na imeachwa nafasi kabla ya tundu, upana wa punje ya mchele. Mguu wangu wa kushoto umekuwa baridi tangu hapo. Nimeutia soksi tatu.

Mchana mkamwana alisimama ghafla akaniuliza kama ninasikia. Nikamwambia masikio yangu ni ya kizamani. Lakini nilikuwa nikisikia. Maji yanapita juu ya mawe, ndani ya ukuta wa chumba cha kulia. Akaita fundi bomba. Fundi akaweka sikio ukutani, akaliondoa, akaliweka tena. Akasema ukuta huu hauna bomba. Mkamwana akamuuliza sasa hiyo sauti ni nini. Akajibu yeye ni fundi bomba, hayo mengine yana wenyewe. Aliacha chai yake nusu. Aliacha na spana pia, na hajarudi kuichukua.

Jaribio la saba lina nafasi ya punje ya mchele. Mshipi unapita kama sindano kwenye hariri. Ninaweza kusema nina kipaji.

Jioni nimechoka. Ungamo kesho.


Alhamisi, 6 Machi

Katibu amepiga simu. Anauliza kisamaki kiko salama. Anasema alikuwa akijiuliza, mwalimu, kwa nini kwa miaka yote hii sijawahi kufunga kingine mbele ya watu. Nikamwambia msanii hajirudii. Akasema aa. Siipendi hiyo aa. Alikuwa akiisema darasani alipokuwa ameona kosa langu ubaoni.

Nimefunga vinne. Vinene! Mifagio kabisa. Na mikia mirefu inayojisokota kwenye ndoana. Nikalala kidogo baada ya chakula cha mchana. Nilipoamka, upande wa pili wa mto wa kulalia ulikuwa umebonyea na kulowa, umbo la kichwa. Kwenye bonde lile, visamaki viwili. Kimoja kimepunguzwa nywele mpaka mwanga unapita. Kingine mkia wake umekatwa, haupiti urefu wa shina la ndoana.

Basi nikamwambia Fundi Saa. Nilimwambia kwa sauti, nimelala hivyo hivyo, nikiangalia dari. Naandika hapa nilichosema.

Siku ile alikuwa upande wa juu wa mto, nami nilikuwa upande wa chini, nyuma ya kona. Nilikuwa nimenasa samaki. Samaki wa maisha yangu. Nikasikia Fundi Saa akipiga kelele. Mara moja. Nilidhani ameuona mshipi wangu ulivyopinda, ana wivu. Kisha akapiga mara ya pili, na mara ya pili aliita jina langu. Si Pembetatu. Jina langu. Na nilijua. Nilijua, lakini samaki alikuwa karibu mno na ukingo. Nikasema nimtoe kwanza. Nilimtoa. Nikampima. Ndipo nikaenda, na pale kwenye mawe palikuwa na kofia tu.

Shemeji hajawahi kuambiwa kwamba aliita.

Nilipomaliza, ukuta ulinyamaza. Nikangoja. Nilijisikia mwepesi, kweli. Nikaamua Jumamosi nitamwambia shemeji yote, mbele ya watu.

Nikavichukua vile viwili nikaenda mezani kuvinakili. Punguza nywele. Fupisha mkia. Vizuri mno! Maji yakaanza tena ukutani.


Ijumaa, 7 Machi

Nimekifunga! Cha kumi na sita. Kichwa kidogo, kimepakwa vanishi mara mbili. Nywele chache. Uzi mweusi peke yake, nimehesabu kila mzunguko. Nikakiweka kando ya kile cha Fundi Saa, nikamwita mkamwana achague cha zamani. Akachagua changu. Nilimkumbatia. Akauliza kwa nini mikono yangu imekunjamana hivyo, kama ya mtu aliyefua siku nzima. Sikuwa nimegusa maji.

Cha Fundi Saa kiko mfuko wa koti langu. Changu kimo kisandukuni. Kwa kuwa sasa hakuna hatari, sioni haja ya kumsumbua shemeji na habari za zamani. Mama wa watu ana shinikizo la damu.

Nilipogeuka, saba vilivyobaki vilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha. Mstari mmoja, vinachuruzika. Vyote vizima safari hii. Vichwa vyote vimeelekezwa kwangu.

Vinafika kumi na kimoja. Hesabu imetimia. Nimefunga pazia.


Jumamosi, 8 Machi

Viti vyote vilijaa. Katibu alivaa glovu. Glovu! Akakibana kisamaki changu kwenye jiliwa la klabu, akasogeza kioo kilichounganishwa na projekta, picha ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Wanachama wapya wakasogea. Shemeji alikaa mbele, mkoba mapajani, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka.

Katibu akakata kichwa. Akavua nywele. Akasifu uchache wake, akasifu nafasi ya mbele, akawaambia wale wapya watazame wenyewe, siyo mifagio yao. Mmoja akasema wa kwake ni brashi ya choo, siyo mfagio. Watu wakacheka. Nikacheka pia. Nilikuwa nimestarehe kabisa.

Akafumua uzi mweusi. Chini yake kulikuwa na mwekundu.

Mizunguko saba. Niliihesabu ukutani, kila mmoja mnene kama kamba. Na ulikuwa umelowa. Tone lilitoka, likadondoka juu ya glovu ya Katibu.

Nilikifunga mimi! Kwa mikono yangu hii!

Shemeji alisimama. Akasema taratibu kwamba uzi huo ni wake, wa cherehani yake, na haujauzwa tena tangu kiwanda kifungwe. Katibu akasema aa. Wote wakanigeukia.

Nafasi ilikuwa hiyo. Nilifungua mdomo. Na mdomo ukasema kwamba ndiyo, shemeji, marehemu alinipa kipande, nikawa nauweka ndani ya kila kisamaki, mahali pasipoonekana, kwa heshima yake, na sikutaka sifa.

Walipiga makofi! Walisimama! Katibu alivua glovu, akafuta macho, akaniomba radhi kwa mambo aliyokuwa akiyafikiri. Sikuuliza ni mambo gani.

Shemeji alikuja akanishika mkono. Akauliza, polepole, asisikike na wengine, kama siku ile marehemu alisema neno lolote. Akasema amejiuliza hilo miaka thelathini na moja. Neno lolote tu, shemeji yangu, hata la mzaha.

Nilimwambia mto ulikuwa na kelele nyingi.

Akanishukuru. Alipouachia mkono wangu akautazama wa kwake, akaufuta kwenye gauni. Ulikuwa umelowa.


Jumapili, 9 Machi

Mkamwana ametoka. Nyumba ni tulivu, jua zuri. Nimeamka na kisamaki cha kumi na mbili kwenye mdomo wa chini.

Hakiumi. Ndoana imeingia vizuri, kazi safi. Nimetazama kwenye kioo. Nilikiacha mfukoni mwa koti, na koti liko kabatini, kabati limefungwa. Kutoka kwenye tundu la ndoana unatoka mshipi mwembamba, hauonekani ila ukipata mwanga. Unapita juu ya meza, chini ya mlango, unaelekea nje. Kando ya mlango sakafu imeanza kuloa.

Fundi Saa havuti kwa nguvu. Anavuta kidogo, anaachia, anavuta. Alikuwa hivyo sikuzote, mtu asiye na haraka.

Sitapambana. Nimevua miaka mingi, ninajua samaki wajinga ndio wanaopambana. Nitakwenda taratibu, nitajifanya nimechoka kabisa, si vigumu. Akiulegeza mshipi, hapo hapo nitaukata. Mkasi wa kucha ninao mfukoni.

Na tukionana ana kwa ana, tutazungumza kama watu wazima. Nimekichunguza vizuri kisamaki hiki kwenye kioo. Mkia wake, kusema kweli, ni mrefu kidogo. Nitaanza kwa kumweleza hilo.

Ukurasa wa Alhamisi nitauchana nikirudi.