Muua-Zimwi wa Plymouth

Jumatatu, 3 Februari

Nimefungwa na Birindwa mara ya kumi na moja. Kumi na moja! Mkongo huyu hufanya kazi ghalani Eagan, hana haraka na chochote, na kila Jumamosi pale maktaba ya Frogtown ananifunga kwenye shogi, sataranji ya Kijapani, huku akimenya chungwa. Akishinda husema, “Voilà, mon cher,” yaani ndiyo hivyo, rafiki yangu. Basi. Hata hajisifu. Inauma zaidi.

Leo mambo yamebadilika. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Plymouth, yupo Mzee Nomura, miaka themanini na sita. Nilimfundisha kuitikia shikamoo, naye ndiye aliyenifundisha shogi. Baada ya kumpa dawa za asubuhi, amenionyesha mbinu ya kufungulia mchezo. Inaitwa Onigoroshi, yaani Muua-Zimwi. Unatoa farasi mapema mno, kama mwendawazimu. Anaruka, anaruka tena, na kabla adui hajakaa vizuri kitini, ngome yake imebomoka.

Mzee akaanza kusema, “Lakini, Kassian...” Sikungoja. “Lakini” ni neno la waoga. Tena kengele ya chumba cha pili ilikuwa inalia.

Jumanne, 4 Februari

Nimewaandikia wanachama kwenye kundi letu la simu kwamba Jumamosi nitazindua mbinu mpya. Velma, mwanafunzi Mkenya anayeendesha klabu, akauliza nimeitoa wapi. Nilikuwa na nia ya kusema ukweli. Vidole vikaandika kwamba nimeibuni mwenyewe, nikikoroga uji.

Velma amefurahi sana. Anasema kuna chuo kimeomba mtu wa kwenda kuwafundisha wanafunzi shogi mwezi ujao, na mtu aliyebuni mbinu yake ndiye hasa wanayemtafuta. Nikimshinda Birindwa, nafasi ni yangu. Ameniuliza jina la mbinu. Nimejibu kwa unyenyekevu: Mbinu ya Kassian.

Birindwa ameandika, “Félicitations,” yaani hongera. Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Februari

Balaa.

Mzee Nomura anataka kuja Jumamosi! Mtu huyu hajatoka nje tangu mkewe afariki mwezi wa tisa. Chakula hula chumbani. Kwenye bingo haendi. Binti yake akipiga simu kutoka Seattle, hujibu kwa neno moja moja. Leo amenibana kwa maswali: klabu iko wapi, watu wangapi, viti vina migongo? Ameniomba nimtolee koti kabatini. Amelijaribu. Limempwaya.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, kama dakika mbili. Kisha nikawaza: akiingia maktabani na kutamka neno moja tu, Onigoroshi, nimekwisha.

Nikamwambia klabu imeahirishwa kwa sababu ya theluji. Akatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka. Nikamwambia theluji iko njiani, inatoka Dakota. Akasema, “Aa.” Akavua koti, mkono mmoja, kisha wa pili. Nililirudisha kabatini mwenyewe.

Sijisikii vizuri. Labda ni yale maharage.

Ijumaa, 7 Februari

Bernadetha, mke wangu, ni muuguzi wa zamu ya jioni kwenye nyumba ile ile ya wazee. Amerudi na swali: eti klabu imeahirishwa? Nikasema Mzee amechanganya siku, uzee huo. Akaniuliza mbona basi nimepiga pasi shati la harusi. Nikasema shati nalo lina haki ya kunyooshwa. Akasema, “Haya, Baba Blandina.” Akiniita hivyo kwa upole, huwa si heri.

Jumamosi, 8 Februari

Nitaandika kwa kifupi.

Nimekaa mbele ya Birindwa. Watu wanane wametuzunguka. Velma ameandika ubaoni, kwa herufi kubwa: MBINU YA KASSIAN. Nikatoa farasi. Minong’ono! Akaruka mara ya pili. Birindwa akaacha kumenya chungwa. Sijawahi kuona kitu kitamu hivyo.

Ndipo mlango ukafunguka. Bernadetha. Amemshika mkono Mzee Nomura, ndani ya koti.

Mzee alisogezewa kiti, akatazama ubao wa mchezo.

Birindwa akawaza dakika tano nzima. Kisha akachukua dhahabu, kete iliyo kando ya mfalme, akaisogeza mbele hatua moja. Moja! Mimi nikacheka. Mzee naye akacheka, ila si pamoja nami.

Farasi wa shogi harudi nyuma. Wangu akabaki katikati ya uwanja kama mgeni asiyejua nyumba. Askari mmoja akasogea, akamla. Na kwenye shogi kete iliyoliwa huhamia kwa adui, kwa hiyo farasi wangu mwenyewe ndiye aliyekuja kunimaliza. Mara ya kumi na mbili.

Nikamuuliza Birindwa nani alimfundisha jibu lile. Akasema hakuna. “Mon cher, sikujua la kufanya. Nikaona nisogeze dhahabu tu.”

Mzee alikuwa bado anacheka, machozi yanamtoka. Velma akamuuliza anachekea nini. Nikafumba macho.

Akasimulia. Inasemekana, alisema, kwamba miaka mia moja hivi iliyopita mtu mmoja alizunguka mitaani Japani akiuza kijitabu cha mbinu ile, akidai hata zimwi halina jibu. Jibu lilikuwepo siku zote: dhahabu, hatua moja. Tangu hapo kila kijana huwaambia watu ameibuni yeye. Naye pia! Mwaka 1962 alimwambia hivyo msichana mmoja ili amvutie. Msichana akasogeza dhahabu. Wakaoana mwaka uliofuata.

Velma akafuta jina langu ubaoni, taratibu.

Birindwa akamkaribisha Mzee wacheze. Wamecheza michezo mitatu. Mzee ameshinda yote, na chungwa amekula yeye. Atakayekwenda chuoni ni Mzee; Birindwa atampeleka kwa gari.

Garini nilimwomba Mzee radhi kuhusu theluji. Akasema hakuamini hata kidogo. Kwa hiyo alimwomba Bernadetha amlete. Kisha akalala hadi Plymouth, mdomo wazi. Bernadetha akapunguza redio.

Jumatatu, 10 Februari

Mzee amekula chakula cha mchana ukumbini na wenzake. Amewafundisha wawili jinsi farasi anavyoruka.

Nimemwandikia Birindwa kwamba Jumamosi nilishindwa makusudi, ili Mzee apate kucheka. Amejibu, “Merci,” asante. Nadhani ameamini.

Habari kubwa zaidi: nimepata dawa ya ile dhahabu! Imenijia nikiwa bafuni, yote kwa mpigo. Hii ni yangu kabisa, haina mjadala, na Velma nimeshamtaarifu. Nilimwonyesha Mzee kidogo tu. Ameniambia nayo ina mwenyewe, tena ina kitabu, na ameanza kusema, “Lakini...”

Nimeamua kutomuuliza tena mambo ya historia.