Breki ya Dole Gumba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Plasta imetolewa. Mguu wa kulia umekuwa mwembamba kama mwiko, na kifundo hakipindi. Daktari kasema hakitapinda tena. Nikamuuliza, hata kidogo? Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nasambaza mikate kwa pikipiki. Akaandika kitu bila kunitazama.

Ole wangu! Breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu huo huo. Na kutoka tanuri la mikate hadi madukani njia ni moja, mteremko wa changarawe, ule ule ulionivunja miezi mitatu iliyopita. Chini kabisa, kwenye kona, kuna seremala wa majeneza. Leo kanisalimia kwa uchangamfu nisioupenda. Akanitazama kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu. Nina hakika alikuwa anapima.

Bosi, mama mwenye tanuri, kasema Jumamosi asubuhi nishuke na mzigo, anione. Nikishindwa, pikipiki inabaki kwa shemeji yangu. Huyu ni mdogo wake mke wangu. Mtaa mzima humwita Mluzi, kwa sababu hushuka mteremko ule akipiga mluzi. Alipewa kazi yangu nilipolazwa, na sasa kanogewa. Mluzi! Kule mimi hata mate hayamezeki.

Sijamwambia mtu kwamba naogopa. Nimeandika hapa tu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kwa fundi pikipiki. Kumbe breki ya nyuma yaweza kuvutwa kwa mkono! Nilitaka kumkumbatia, oili na yote. Akanipangia vishikio vitatu juu ya gunia. Cha kwanza hukaa kushoto, juu ya klachi, unavuta kwa vidole. Cha pili hukaa kushoto vilevile, kidogo tu, unakisukuma kwa dole gumba. Cha tatu hukaa kulia, na hicho kimoja huvuta breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja.

Kabla sijachagua akanitaka nijibu swali. Nikiogopa, mikono yangu hufanya nini? Eti wengine hukaza, wengine huachia, na kishikio hufungwa kwa kufuata hilo. Nikamwambia mimi siogopi. Akaendelea kufuta spana, ananisubiri. Basi, nikasema, hukaza. Tena hukaza sana!

Hata hivyo akanishauri cha tatu, kwa sababu mtu mwenye hofu hukumbuka kitu kimoja tu. Nani kamtajia hofu? Nikachukua cha dole gumba. Sababu ni siri yangu. Ni kidogo, kitafichika chini ya glavu. Bosi atauona mguu wangu ukigusagusa kanyagio, atajua umepona, kumbe kazi inafanywa na dole. Akili ninazo, jamani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mke wangu mchokozi. Nilikuwa nimekaa jikoni nafanya mazoezi, mwiko mkononi badala ya usukani, dole linasukuma, mguu unadanganya. Akaja kimyakimya nyuma yangu, akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Mwiko ulikwenda zake dirishani. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kichwani, macho nimeyafumba.

Akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akaacha kucheka. Akasema hata siku ile ya ajali walioshuhudia walisema hivyo hivyo, kwamba nilipita mbele yao nimejishika kichwa. Nikamweleza kwamba upepo ulikuwa unachukua kofia. Akanisihi nimwambie fundi ukweli, na bosi pia. Akasema hataki kunipokea tena nimelala kwenye mkokoteni.

Nikaenda kuutafuta mwiko. Mfuniko si mteremko.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Breki imefungwa. Nimeijaribu uwanjani, mahali tambarare. Inashika! Nikasimama pale pale nilipotaka. Kwa robo saa nilikuwa mwanamume kamili.

Ndipo akatokea Mluzi. Akauliza glavu za nini na jua hili. Nikamwambia ngozi yangu laini. Akaizunguka pikipiki mara mbili, kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Nikaweka mkono pale pale kwenye kishikio mpaka ukafa ganzi. Akaondoka, huku akipiga mluzi. Mbwa yule.

Jioni habari ikanifikia. Mluzi kamshauri bosi kesho apande nyuma yangu, ajionee mwenyewe mguu ulivyopona. Na bosi kakubali! Bosi si mwepesi. Chakula hakipiti. Nimefikiria kuugua, lakini ugonjwa wangu wote umeshatumika.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika kwa shida. Nitaeleza kwa nini.

Saa moja asubuhi, kreti la mikate mbele, bosi nyuma kanishika kiuno. Kutazama chini tu, jasho jembamba likanitoka. Nikapiga moyo konde, nikaachia.

Na ikakubali! Dole likasukuma, gurudumu la nyuma likatii, mguu wangu ukaigiza vizuri. Katikati ya mteremko bosi akasema sikioni mwangu kwamba kweli nimepona. Mluzi alikuwa kando ya njia, mdomo umetayarishwa, mluzi hautoki. Sijawahi kufurahi na kuogopa kwa pamoja namna ile.

Kisha seremala akatoa jeneza jipya nje, akaliegemeza ukutani, wima, kifuniko wazi. Urefu wangu kabisa.

Mikono ikaenda kichwani. Yote miwili. Breki ilikuwapo, dole halikuwapo. Nilipiga ukelele, wanasema ulisikika mpaka sokoni, na mdomo sikuufunga mpaka tulipotua ndani ya lundo la maranda ya seremala. Bosi akatoka mzima, nywele zimejaa maranda. Mikate ikatawanyika. Vifundo vya mikono yangu vyote viwili vimeteguka, vimefungwa bandeji.

Bosi akaokota glavu, akakiona kishikio. Nikangoja matusi. Akaniuliza tu kwa nini sikumwambia. Angenipa wateja wa upande wa shule, ambako njia ni tambarare, mteremko abaki nao Mluzi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Bosi kaleta ujumbe. Mikono ikipona niende nimwambie kweli, naweza nini na naogopa nini, na njia ya shule ni yangu. Mke wangu akafurahi hadi akanipikia uji mwingine. Ananilisha kwa kijiko.

Lakini mimi nimeushtukia mtego. Nikisema naogopa, Mluzi atanicheka mpaka nizeeke. Hapana! Nitarudi kwenye mteremko. Kosa lilikuwa la mikono, na mikono nimeachana nayo.

Fundi amekuja kunijulia hali. Nikamnong'oneza, je, haiwezekani kufunga breki ya kuvuta kwa meno? Meno yangu yote yapo. Akasema labda, ila kwanza nimjibu, nikiogopa mdomo wangu hufanya nini?

Nikamwambia hufumba. Tena hufumba kabisa.